Usinunue rangi, nunua boti

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha, na wengine wetu tumechapwa viboko kwa kushindwa kueleza maana yake. Leo nataka kuzungumza juu ya ufa ambao wahenga hawakuujua, kwa sababu chombo chenyewe hawakuwa nacho. Huo ni ufa wa boti ya faiba. Katika boti ya faiba nyufa nyingi hazina neno, chache zinaua, na kwa mtu asiyejua zote zinafanana.

Huenda mtauliza, mtangazaji wa redio ameingiaje katika mambo ya boti? Jibu ni kwamba niliingia kama mtu aliyeliwa fedha zake.

Mwaka 2013 mimi na wenzangu watatu wa ofisini tulichanga fedha tukanunua boti. Hatukuwa wavuvi. Tulikuwa watu wa mshahara, tena mshahara usiofika tarehe 20, tukaambiwa kwamba samaki hawangoji mwisho wa mwezi. Mpango wetu ulikuwa kununua boti iliyokwisha tumika, kuikabidhi kwa nahodha mzoefu wa Kunduchi hapa Dar es Salaam, kisha tugawane mapato. Tulipelekwa kuona boti mbili. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, rangi imepauka, na sitaha yake ya mbele ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimetapakaa mfano wa utando wa buibui. Tukaangaliana. Mmoja wetu akasema, "Hii itatuua." Tukaondoka bila hata kuuliza bei.

Ya pili ilikuwa inang'aa. Ubavuni haikuwa na hata mkwaruzo. Nyuma tu, kwenye ukuta wa tezi pale mashine inapofungwa, kulikuwa na mstari mmoja wa urefu wa kiganja, ukishuka kutoka kwenye kona ya pengo la mashine. Nikauuliza. Muuzaji akaupitishia kidole gumba, akacheka, akasema, "Hiyo rangi tu, bosi wangu." Nasi tukacheka. Tukalipa.

Haikumaliza mwaka. Usiku mmoja wa Kusi, boti ikirudi kutoka nje ya kisiwa cha Mbudya, wimbi liliinyanyua tezi likaibwaga, na mashine ya nguvu za farasi 40 ikaondoka na kipande cha boti. Bolti hazikung'oka. Zilikwenda na mashine pamoja na ubao zilioushika. Vijana wanne waliokuwamo walikesha wakichota maji kwa ndoo, hadi alfajiri boti nyingine ya wavuvi ilipowaona ikawafunga kamba. Walirudi wazima, namshukuru Mungu. Mashine iko chini ya bahari hadi leo. Nahodha alinionyesha ule ubao uliobaki ndani ya ukuta wa tezi. Ulikuwa mweusi, unanyofoka kwa vidole kama mkate uliomwagikiwa chai.

Na ile boti ya kwanza, ile ya utando wa buibui? Miaka mitatu baadaye niliiona pale pale Kunduchi ikishusha samaki. Nyufa zake zote zilikuwa mahali pake.

Ndugu wasikilizaji, tuliogopa ufa usio na neno, tukauamini ufa wenye kuua. Nilikuwa nimekwisha kulisahau jambo hilo, au tuseme nimejilazimisha kulisahau, hadi hivi karibuni shemeji yangu aliponijia. Amestaafu, amelipwa mafao yake, na yeye pamoja na wastaafu wenzake wawili wanataka boti. Walikuwa wamekwisha kuona mbili. Moja nyeupe, ina nyufa, bei yake ya chini. Nyingine ya bluu, imepakwa rangi juzi juzi, bei yake ya juu. "Shemeji," akaniambia, "sisi tumeipenda ya bluu. Ile nyeupe imepasuka pasuka."

Nikasikia baridi mgongoni. Nikamwambia asitoe hata senti tano kwanza. Sikuyaamini macho yangu mwenyewe, kwa hiyo nikamtafuta mzee mmoja fundi wa boti, mtu aliyeanza na kazi ya kalafati kwenye majahazi akiwa kijana, kisha akajifunza faiba. Tukaenda naye Kunduchi asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Mengi nitakayowaeleza leo ni ya mzee huyo. Langu mimi ni kuyapanga tu.

Kabla ya kugusa boti yoyote alitukalisha kwenye kivuli akamuuliza shemeji, "Mwanangu, unajua boti hii imetengenezwaje?"

"Sijui, mzee."

"Basi utajuaje imevunjika wapi?"

Akatueleza. Chombo cha mbao huanzia ndani kwenda nje. Fundi huweka mkuku, akasimamisha mataruma, ndipo akapigilia mbao za ubavu. Kati ya ubao na ubao hupiga kalafati ya pamba na mafuta, na chombo kikishushwa majini mbao hunywa maji, hutanuka, na mianya hujifunga. Ndiyo maana mtu wa pwani akiuona mwanya katika mbao anajua la kufanya. Ubao wenyewe ukipasuka, hapo ndipo methali ya ufa na ukuta inapoingia.

Boti ya faiba huzaliwa kinyume chake. Fundi huwa na kalibu, umbo kama bakuli kubwa lenye sura ya boti. Ndani ya kalibu hiyo hupaka nta ili boti isigande. Kisha hupaka tabaka la kwanza, ambalo mafundi huliita jelikoti. Hiyo ni resini yenye rangi, haina nyuzi ndani yake, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Juu ya hapo ndipo hulaza mikeka ya nyuzi za kioo, mmoja baada ya mwingine, akiinywesha resini hadi unene unaotakiwa upatikane. Boti ikikauka hutolewa kwenye kalibu, na lile tabaka lililopakwa kwanza ndilo linalokuwa nje, linalong'aa, lile tunalolipapasa wanunuzi na kusema, "Lo, boti nzuri hii!"

"Sasa sikilizeni," mzee akasema. "Nguvu ya boti iko kwenye nyuzi. Jelikoti ni ngozi. Inazuia jua na maji, inapendeza, lakini haibebi kitu. Tena ni kavu, haipendi kupindwa. Nyuzi zikinyumbuka kidogo zinarudi mahali pake, jelikoti haiwezi, inapasuka. Kwa hiyo ukiona ufa usiulize kama upo. Uliza kama ni wa ngozi au wa mfupa."

Tukasimama kwenda kwenye ile boti nyeupe. Mzee hakuangalia nyufa kwanza. Aliagiza maji ya sabuni, akaisugua sitaha na ubavu, akaikausha kwa kitambaa. Kisha akatoa kichupa cha wino, ule wa mihuri ya ofisini, akaupaka mahali penye nyufa na kuufuta hapo hapo. Wino wa juu ukatoka, ulioingia ndani ya nyufa ukabaki. Papo hapo michoro yote ikajitokeza, hata ile ambayo hatukuiona. Shemeji akashika kichwa. Mzee akatabasamu, akasema sasa anaweza kusoma.

Usomaji wake ulikuwa wa maswali matatu, nami naomba mwenye kalamu ayaandike.

Swali la kwanza: ufa uko wapi? Ule utando wa buibui kwenye boti nyeupe ulikuwa umejazana kwenye kona za sitaha, pale sakafu inapokutana na ukuta. Mzee alieleza kwamba wakati wa kuunda boti jelikoti hutiririka na kujikusanya katika kona za kalibu, ikawa nene kuliko inavyotakiwa. Jelikoti nene hupasuka upesi zaidi. Jua la miaka mingi likiongezeka, na miguu ya mabaharia, kona hizo hufanya mistari kama uso wa mzee. "Kama mimi," akasema. "Nina makunyanzi, lakini mifupa mizima." Nyufa za mahali kama hapo, ikiwa chini yake pamekaza, ni za sura tu.

Lakini ziko sehemu ambazo hata ufa mmoja mdogo unastahili hofu. Ya kwanza ni ukuta wa tezi, penye mashine. Ya pili ni mkuku na pande zake, kwa maana hapo ndipo boti hukaa inapopwelewa na hapo ndipo hupiga mwamba. Ya tatu ni pale mihimili ya ndani na viambaza vinapokutana na ubavu. Ya nne ni mzizi wa kila kitu kinachovutwa kwa nguvu, kama pete ya omo na vishikio vya kamba ya nanga. Ufa uleule ulio kichekesho kwenye kona ya sitaha ni kilio kwenye tezi.

Swali la pili: ufa una umbo gani? Hapo nilijifunza kwamba nyufa zina mwandiko. Ukiona mfano wa nyota, miale ikitoka katika kitovu kimoja, jua kwamba kuna pigo. Tena aghalabu pigo limetoka upande wa pili wa ukuta. Nyota ikiwa nje, huenda mtu aliangusha nanga ndani. Ukiona miviringo, mmoja ndani ya mwingine kama jiwe lililotupwa kwenye maji, aghalabu pigo limetoka upande huohuo unaoutazama. Ukiona miale inayozunguka bolti, bolti hiyo ilikazwa kupita kiasi, au haikuwekewa kibao cha kuisaidia kwa ndani, ikawa kila kamba inapovuta inapinda faiba.

Mwandiko wa kuogopwa ni mistari iliyonyooka, inayokwenda sambamba, miwili, mitatu, minne, kama mtu amechora kwa rula. Hiyo haiandikwi na pigo moja. Ni boti inayopindika mahali palepale kila wimbi linapokuja. Mara nyingi mistari hiyo hufuata ukingo wa mhimili au kiambaza kilichomo ndani, kwa sababu hapo faiba laini inakutana na kitu kigumu. Ukiiona, ingia ndani na tochi utazame kama mhimili bado umeshikamana na ubavu au umekwisha kuachana nao.

Swali la tatu ndilo kubwa: ufa unafika wapi? Hapa macho hayatoshi, ni lazima utumie masikio na mikono. Mzee alichukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, akaanza kugonga kwa mpini huo, taratibu, kuanzia mahali pazima kuelekea penye ufa. Mahali pazima palitoa sauti kali na kavu. "Ukisikia sauti imekuwa nzito," alisema, "kama unagonga papai lililoiva, mikeka imeachana, au pana maji." Akasukuma kwa kiganja. Akaingia ndani ya boti hadi nyuma ya ile nyota ya ubavuni, akamulika. Faiba isiyopakwa rangi ikivunjika huonyesha weupe, kama plastiki iliyokunjwa. Hapakuwa na weupe wala unyevu.

Bado hakuridhika. Alimwomba mwenye boti ruhusa, akachukua kona ya patasi akakwangua ufa mmoja, upana wa ukucha tu. Jelikoti nyeupe ikatoka kama unga, kisha zikaonekana nyuzi zenye rangi ya asali, nzima, hazina mstari. Ufa ulikuwa umeishia kwenye ngozi. Akatuita mmoja mmoja tukatazama. Nawaambieni, nimefanya kazi ya habari karibu miaka 20, nimeona mambo mengi, lakini sikumbuki lini nilifurahi kama nilivyofurahi kuona ufa unapoishia.

Mwenye boti nyeupe alitoa ruhusa hiyo bila kinyongo. Tena yeye mwenyewe alituonyesha jambo ambalo hatukuliona: mahali pa sakafu, karibu na tangi la mafuta, palipokuwa panabonyea ukipakanyaga. Mzee alipagonga akatikisa kichwa. Plaiwudi ya chini ilikuwa imeoza. "Hii ni kazi," alisema. "Kazi ya siku kadhaa, ya kukata na kuweka mpya. Ifanyieni hesabu katika bei." Kwa hiyo msidhani nawaletea hadithi ya boti mbaya na boti nzuri. Hata nyeupe ilikuwa na ugonjwa, ila haukuwa katika zile nyufa zilizomtisha shemeji.

Tukaenda kwenye ya bluu.

Mzee aliizunguka mara moja bila kusema neno. Kisha akamuuliza muuzaji, "Umeipaka lini?"

"Juma lililopita, mzee wangu. Nimeipendezesha kwa ajili ya wateja."

"Kabla ya kuipaka ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Michubuko tu."

Wahenga, ambao leo nimewapinga kidogo, walisema kweli waliposema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mzee aliinama kwenye tezi, akaweka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite kwa mshazari badala ya kuupiga usoni. Jaribuni nyumbani kwenye ukuta wowote uliopakwa rangi, mtaona kila kiraka. Chini ya rangi ya bluu ukaonekana mstari mwembamba ukishuka kutoka kwenye kona ya pengo la mashine. Upande wa pili wa pengo, mstari mwingine kama huo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuujua kabla hajanyoosha kidole.

Mzee alimwambia shemeji ashike mguu wa mashine, aunyanyue na kuushusha kwa nguvu, huku yeye akiwa ameweka kidole kwenye ule mstari. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa kiasi cha kilo 70. Uzito huo hauning'inii tu. Boti ikiruka wimbi unageuka nyundo, na mashine ikisukuma inaubana ukuta wa tezi kwa nguvu zake zote. Ndani ya ukuta huo, katika boti nyingi, mna plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote. Maji yakipata njia, iwe ni ufa au tundu la bolti lisilozibwa vizuri, huingia kwenye ubao na hayatoki. Ubao huoza gizani, na nje boti inaendelea kung'aa. Shemeji aliponyanyua mguu wa mashine, mstari wa bluu ulifunguka kama mdomo. Aliposhusha, ukafumba. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu likatoka tone la maji ya kahawia, nayo boti ilikuwa nchi kavu tangu juma lililopita.

Muuzaji akasogea, akaupitishia mstari kidole, akasema, "Hiyo rangi tu imepasuka, mzee wangu."

Ndugu wasikilizaji, ni maneno yaleyale. Muuzaji huyu si yule wa mwaka 2013, wala simdhanii kuwa jambazi. Inawezekana kabisa anayaamini anayoyasema. Mtu akikaa na ufa muda mrefu humzoea, na rangi humsaidia asiuone. Mzee hakugombana naye. Alimwambia kwa upole kwamba boti hii isishuke majini kabla ukuta wa tezi haujafunguliwa, ubao wote uliooza ukatolewa na kuwekwa mwingine. Alimwambia pia kwamba kazi hiyo si ya viraka. Faiba iliyokatika hushikishwa kwa kuichonga mteremko kwa msasa. Kwa kila milimita moja ya unene unakwenda pembeni kama milimita 12, ndipo unalaza mikeka mipya juu ya mteremko huo ili mpya na ya zamani zishikane katika eneo pana. Anayejaza ufa wa mfupa kwa putii na rangi amepaka poda kwenye jeraha.

Ufa wa ngozi, kwa upande wake, una dawa ndogo. Fundi huupanua kidogo kwa kona ya patasi ufanye mfereji, husafisha, hujaza jelikoti ya rangi ileile, hufunika kwa karatasi ya nailoni kwa sababu jelikoti ya kawaida ikipata hewa hubaki ikinata, kisha hupiga msasa. Ikiwa sababu ya ufa haikuondolewa, kwa mfano bolti ileile haina kibao kwa ndani, ufa utarudi palepale. Kwa hiyo hata ufa usiotisha unafaa kuulizwa umetokana na nini.

Naomba niongeze mambo machache kwa wale ambao fedha zao ziko mfukoni na macho yao yako baharini.

Boti itazame ikiwa nchi kavu, tena ikiwezekana baada ya kukaa juu siku kadhaa. Ufa unaoendelea kutoa unyevu wakati boti yote imekauka umefika mbali. Chini ya boti iliyokaa majini muda mrefu unaweza kukuta malengelenge. Si lazima yawe msiba, lakini yahesabu, na ukikuta yametapakaa mpelekee fundi. Ukilipasua mojawapo likatoa maji yenye harufu kali kama ya siki, hayo ni maji yaliyokwisha kupenya ngozi na kuchanganyika na resini. Kinga macho yako unapolipasua.

Usiitazame boti jioni wala baada ya mvua. Kwenye ukuta uliolowa nyufa nyembamba hujificha. Rangi mpya si dhambi, lakini mpya mahali pamoja tu iulize mara mbili. Ukikuta kibandiko kikubwa, au kipande cha bati kilichopigiliwa mahali pasipo na kazi, uliza kimefunika nini. Mwenye boti akikataa isigongwe, isikwanguliwe hata upana wa ukucha, wala isitolewe baharini kwa majaribio, shika mkono wake kwa adabu na uondoke. Mkiitoa baharini ipelekeni penye wimbi, mkirudi tazameni ngama: maji kiasi gani yameingia, na yanatokea wapi.

Kuhusu vyeti, hapa Tanzania Bara vyombo vya majini, pamoja na vile vidogo, viko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa wenzetu wa Visiwani iko Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Dai karatasi za usajili na za ukaguzi, na ulinganishe namba na jina la mwenye chombo. Lakini cheti kinaeleza hali ya boti siku ilipokaguliwa. Hakijui ilipiga mwamba gani juzi. Cheti na fundi ni viatu viwili, usitoke na kimoja.

Nimalizie kwa habari ya wanunuzi wetu. Shemeji na wenzake wameichukua ile nyeupe, baada ya bei kupunguzwa kwa ajili ya sakafu. Ninapozungumza iko juu ya magogo kwa mzee, sakafu imekatwa, plaiwudi mpya inasubiri kuwekwa. Nyufa za sitaha wameamua kuziacha kwanza, fedha iende kwenye majaketi ya kuokolea maisha na kwenye vibao vya kusaidia bolti za vishikio. Wenzake wawili bado hawazipendi nyufa hizo. Wanaona aibu. Shemeji amewaambia samaki hawaangalii.

Na ile ya bluu? Jumapili iliyopita nilipita tena Kunduchi. Haikuwapo. Vijana waliokuwa wakishona nyavu karibu na pale waliniambia imeuzwa, ikaondoka na maji ya bamvua. Niliuliza imekwenda wapi. Mmoja akanyoosha mkono upande wa kusini. Sijui ni Mafia, ni Kilwa, au ni hapa hapa Kigamboni. Sijui kama tezi ilifunguliwa ikatengenezwa. Siku ile tulipoikataa mimi nilijiona nimemaliza kazi, nimemwokoa shemeji, nikarudi nyumbani kula. Sikufikiri kwamba boti tunayoikataa sisi hununuliwa na mwingine ambaye hana shemeji aliyekwisha kuliwa fedha.

Kwa hiyo mazungumzo haya ya leo nayaelekeza kwake. Ndugu yangu, kama katika siku hizi umenunua boti ya faiba yenye rangi ya bluu mpya, iliyotoka Kunduchi, tafadhali ipandishe nchi kavu. Mulika ukuta wa tezi kwa tochi, kwa ubavu. Nyanyua mguu wa mashine huku umeweka kidole kwenye kona ya pengo. Mstari ukifunguka, usiwatume watu baharini, hata kama bei ya samaki ni nzuri, hata kama deni linakusubiri mlangoni. Ita fundi.